Mateka wa Maporomoko

Adamu anasema hapakuwa na namna. Anasema walikuwa wamesimama na adabu zao, yeye na Faraji, juu kabisa ya mlima wa Kerenge, wanatazama maji yanavyojitupa bondeni, mara wakatokea Wanyamwezi. Alipoisimulia habari hiyo mara ya kwanza, kwenye benchi la nje ya duka, Wanyamwezi walikuwa watatu. Wanaume walipotoka msikitini magharibi Wanyamwezi walikuwa wameshafika darzeni, na mmoja ana mkuki. Anasema mkubwa wao, pande la mtu, alimwekea Faraji mkono begani akamwambia, "Mzigua, umeyakanyaga maji yangu. Kuanzia leo wewe ni mateka wangu." Faraji akatazama kulia, akatazama kushoto, akakaa chini. Na maji, Adamu anaapa, maji yalisimama. Yaliacha kuanguka kwa muda wa mtu kumeza mate, halafu yakaendelea na kazi yake.

"Na wewe ulifanya nini?" wakamuuliza.

"Mimi nilileta habari."

Adamu ni jirani wa ukuta kwa ukuta na Faraji, pale Sindeni, na ni mtu mwema, ila habari ikipita mdomoni mwake hutoka imenenepa. Maryamu, mke wa Faraji, alikuwa amekaa mlangoni anapepeta kunde. Hakumkatiza. Alikuwa amejifunza zamani kwamba maneno ya Adamu ni kama kunde hizo, unayarusha juu, unaacha upepo uchukue wa kwake, kisha unatazama kilichobaki kwenye ungo. Safari hii kilibaki kitu kimoja tu. Watu wawili walikwenda Kerenge kutafuta ndizi na iliki za harusi. Ndizi zimerudi, iliki imerudi, Adamu amerudi. Faraji hajarudi.

Na harusi ilikuwa Ijumaa. Munira, dada yake Faraji, ndiye aliyekuwa anaolewa, na baba yao alishafariki, na baba zake wakubwa na wadogo walishamfuata. Walii aliyebaki duniani wa kumwoza Munira alikuwa ni huyo huyo aliyekaa juu ya jiwe huko Kerenge.

Maryamu akaweka ungo chini, akampigia simu. Iliita sana. Ilipopokelewa, kwanza alisikia maji, halafu sauti ya mumewe ikipiga kelele kama mtu anayeongea na ng'ambo ya mto.

"Baba Tatu, uko wapi?"

"Nimekamatwa."

"Na nani?"

"Na mtani. Bonaventura. Mnyamwezi wa huku."

"Amekufunga kamba?"

"Kamba ya nini, Mama Tatu? Utani ni kamba tosha."

"Unakula?"

"Nakula. Jana walileta kisamvu cha karanga." Maji yakaunguruma. "Kitamu."

"Ijumaa ni nikahi."

"Najua."

"Utarudi?"

"Mateka hajipangii safari," akasema Faraji, na simu ikakatika, au akaikata.

Mtu asiye wa huku anaweza kucheka. Lakini Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wakati Wanyamwezi wanapita nchi hii na mizigo vichwani kuelekea pwani, na utani si mchezo wa watoto. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia msibani kwako akalikalia jeneza, mazishi yakasimama mpaka apewe kuku. Ukikasirika, aibu ni yako. Akikishika kitu chako, unakigomboa, hakuna polisi wala mwenyekiti hapo. Sasa ameshikwa mtu.

Wazee walikwenda kwa Shehe Muhidini kuuliza kama Faraji angeweza kumpa mtu mwingine uwakili kwa simu, amwoze Munira kwa niaba yake. Shehe alifikiri sana, akapiga chafya, akafikiri tena.

"Mwenye kutoa uwakili awe huru," akasema. "Huyu mwenyewe anasema ni mateka. Nitajuaje kama anayosema ni yake au ya aliyemshika? Aseme yuko huru, nitampokea. Lakini kama yuko huru, si aje?"

Upande wa bwana harusi wakasema wao hawataki ndoa yenye shaka. Wakasema wangengoja mpaka Ijumaa baada ya swala, na baada ya hapo wangejua la kufanya, na walilisema kwa sauti ya watu ambao wameshajua.

Munira alikuwa ndani, miguu yake imenyooshwa, hina haijakauka. "Wifi," akamwambia Maryamu, "kamwambie kaka kama hataki niolewe aseme tu. Asijifiche kwa Wanyamwezi."

"Hajifichi."

"Wifi, wewe unamtetea mpaka akikosa." Halafu akalia, lakini kwa uangalifu, machozi yasidondoke kwenye hina.

Bi Mwatumu, mama yake Faraji, ndiye aliyeamua. Mateka wa utani, akasema, hugombolewa na mwanamke wa nyumba yake, kwa jogoo. Ndivyo alivyogombolewa marehemu mumewe aliposhikwa na Wanyamwezi kwenye msiba kule Mazingara.

"Walimweka sana, mama?" Maryamu akauliza.

"Mpaka ubwabwa ulipoisha."

Kwa hiyo Alhamisi, kabla jua halijachangamka, Maryamu alikuwa amesimama barabarani na jogoo mwekundu ndani ya kikapu. Adamu alimsindikiza mpaka kituoni. Zaidi ya hapo asingeweza, goti lilikuwa limeanza kumuuma tangu aliposikia kuna mtu atarudi mlimani. Konda alitazama kikapu akauliza jogoo anashukia wapi. Maryamu akasema wote wawili wanashukia Korogwe, na kutoka Korogwe wakachukua bodaboda hadi Kerenge, jogoo katikati.

"Unakwenda kwa nani Kerenge, dada?" dereva wa bodaboda akauliza.

"Kuna mtu wangu yuko mlimani."

"Kwa mateka? Ungesema mapema." Akaongeza mwendo. "Yule anaongea vizuri sana. Mimi nimempelekea abiria wengi wiki hii. Wewe ni nani yake?"

"Mkewe."

Dereva akapunguza mwendo kwa heshima mpaka walipofika.

Nyumba ya Bonaventura ilikuwa chini kabisa ya mlima, mahali ambapo ukitaka kuona mbingu inabidi uvunje shingo. Mlima wenyewe haukupanda polepole kama mtu mwenye busara. Ulikuwa umesimama wima kama ukuta, mweusi, umelowa, na katikati yake mstari mweupe wa maji, mwembamba kwa mbali kama uzi uliochomoka kwenye kanga. Uani alikuwapo mwanamke wa makamo anamenya viazi. Alikuwa Hilaria, mke wa Bonaventura.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe mke wa yule?"

"Ni mimi."

Hilaria alimpokea jogoo kabla hajampokea mgeni. Alimtoa kikapuni, akampima uzito kwa mkono, akamrudisha. "Mwanangu, karibu, na kwa jina la Mungu mchukue mtu wako. Sisemi kwa ubaya. Anakula kwa adabu, lakini anakula. Na anayepanda kule na sufuria ni mimi. Mume wangu akifika huko anakaa naye wanatukanana mpaka jioni, anarudi hana sauti, na nyumbani hatusemeshwi."

Bonaventura akatoka ndani amevaa mabuti ya mvua. Kweli alikuwa pande la mtu, na kweli sauti ilikuwa imekauka. Babu yake alikuja na manamba kukata mkonge enzi za wakoloni, akafia hapa, baba yake naye akazeekea hapa. Yeye Tabora hajaiona hata kwa ndoto, ila Unyamwezi alirithi wote. Siku hizi mkonge haumhusu tena. Anawapandisha wageni kwenye maporomoko.

"Mke wa Mzigua," akasema, "umechelewa. Tulishataka kumgawa."

"Mkamgawa kwa nani?"

"Hakupatikana mtu."

"Hata mimi sikumpata kwa kugombania," akasema Maryamu.

Bonaventura akacheka cheko la kukwaruza. Halafu akakaa kwenye kigogo, akashusha mabega, na utani ukamtoka usoni. "Nimeshamsamehe," akasema. "Juzi nilimsamehe tena mbele ya wageni. Nikamwambia, Mzigua, nenda zako, nimekuachia. Akakataa. Akasema kumwachia mateka bila jogoo ni kuwadharau Wanyamwezi. Mimi, Mnyamwezi, nafundishwa heshima ya Unyamwezi na mtu wa Sindeni."

"Kwani ulimkamata kwa nini?"

Bonaventura akatazama mlima. "Babu yangu alipita kwenu huko Handeni na mzigo kichwani. Akaomba maji ya kunywa. Akaambiwa hayo ni ya mbuzi."

"Ndiyo sababu?"

"Ni sababu nzuri."

"Sikuuliza kama ni nzuri."

Mzee akamtazama kwa muda, kama mtu aliyekuta kitasa mahali ambapo hakutegemea mlango. Akachukua fimbo yake. "Twende," akasema, "kabla ukungu haujashuka."

Walipanda. Kwanza migomba, halafu iliki, ambayo harufu yake ilimkumbusha Maryamu pilau la harusi isiyojulikana kama ipo. Halafu msitu, ambao kila kitu ndani yake kilikuwa kinadondosha tone. Maji waliyasikia kabla ya kuyaona. Yalikuwa kama lori linalopanda mlima na halifiki. Maryamu alikuwa amebeba kikapu kichwani, baadaye mkononi, baadaye amekikumbatia, kwa sababu jogoo alianza kukataa. Yeye mwenyewe ni mtu wa nchi tambarare. Kitu kirefu alichowahi kupanda ni ngazi ya ghala. Lakini alikuwa na kazi ya kumtazama jogoo, na mwenye kazi ya kutazama kitu hukosa nafasi ya kujitazama.

Wakafika mahali wenyeji wanapopaita Ubavuni. Msitu ukaisha ghafla. Njia ikawa kijia cha upana wa sinia, kimechongwa kwenye mwamba. Mkono mmoja jiwe. Mkono wa pili hakuna kitu. Chini kabisa mashamba ya mkonge yalikuwa yamepangwa kama nywele zilizochanwa, na mto kama mkia wa panya, na mwewe mmoja anazunguka, na Maryamu akagundua kwamba anamwona mwewe mgongoni. Hajawahi kuuona mgongo wa mwewe akiwa angani. Akamshika jogoo vizuri, akatembea.

Katikati ya Ubavuni akasimama, si kwa hofu. Majani madogo yanayoota kwenye ufa wa jiwe yalikuwa yameng'olewa yote, kwa mstari, urefu wa kifua cha mwanamume. Mbuzi hali hivyo. Mbuzi anakata, hang'oi kwa kiganja. Na kwenye ufa wa chini, imebanwa, ilikuwapo ndala ya mguu wa kulia. Mkanda wake ulikuwa umefungwa na waya wa shaba. Waya ule aliufunga yeye mwenyewe, kwa koleo la Adamu.

Akaiokota, akaitia kikapuni kwa jogoo. Akamtazama Bonaventura. Bonaventura alikuwa anatazama mawingu kwa bidii.

"Mzee, hapa watu wanapitaje?"

"Wengine kwa miguu."

"Na wengine?"

Bonaventura akakuna ndevu. "Wengine kwa magoti. Wengine wanakamatwa na watani."

Upepo ukawapulizia matone ya maji usoni.

"Kulikuwa na wageni mbele yake na wageni nyuma yake," akasema Bonaventura polepole. "Simu mikononi, wanapiga picha. Yule mwenzake alishageuka, anashuka mbio. Na yeye amelikumbatia jiwe kama mama yake. Mtu mzima, mwenye familia. Juu kulikuwa karibu kuliko chini, nikamvutia juu."

"Kisha ukamkamata."

"Ningefanya nini? Mtani hawezi kumwona mtani wake anaaibika na yeye akakaa kimya bila kumtukana. Nilidhani atakaa mpaka jioni, moyo utulie. Jioni nikamwachia, akataka jogoo." Akatema mate upande ule usio na kitu. "Sijamwambia mtu. Hata Hilaria."

"Hakuna njia nyingine ya kushukia?"

"Ipo. Ile yanayopita maji."

Juu palikuwa tambarare, jiwe pana kama uwanja wa shule, na mto unakuja taratibu katikati yake, hauna habari, halafu unafika ukingoni na kutoweka. Mbali na ukingo, chini ya turubai, alikaa Faraji. Amejifunika blanketi la Hilaria, mguu mmoja una ndala, mwingine pekupeku. Mgongo ameupa bonde. Mbele yake walikaa wanakwaya wa kanisa moja la Korogwe mjini waliokuja matembezi, wamevaa fulana za rangi moja, wanamsikiliza.

"Karibuni maporomoko," Faraji alikuwa anasema. "Upande ule ni maji. Upande huu ni mimi. Maji yamekuwapo hapa tangu zamani, mimi tangu Jumapili. Maswali?"

Mama mmoja, kiongozi wa kwaya, aitwaye Edna, akauliza kama anateswa.

"Kwa maneno," akasema Faraji.

Ndipo akamwona mkewe. Uso wake ukafanya vitu viwili kwa pamoja, ukafurahi na ukafunga mlango. "Mama Tatu. Umekuja."

"Nimekuja kukugomboa."

Kwaya ikapiga makofi. Walikuwa wamekuja kuona maji tu, na sasa wanapewa hili. Wakasogea, wakafanya duara, Edna akaanzisha wimbo wa kutoka utumwani, sauti nne, na jogoo akatolewa kikapuni mbele ya watu kama bwana harusi.

"Mimi Maryamu, mke wa Faraji, wa nyumba ya Bi Mwatumu wa Sindeni," akasema kama alivyofundishwa, "naleta jogoo. Mtani, niachie mtu wangu."

"Nimempokea," akasema Bonaventura, haraka.

"Usipokee haraka, mtani," akasema Faraji. "Mtazame kwanza. Kidole chake kimepinda."

"Nimempokea na kidole chake."

"Watakudharau."

"Waache wanidharau. Shuka."

"Bado tusi la mwisho," akasema Faraji, akiwageukia wanakwaya kuwaeleza. "Aliyenikamata lazima atukane mara ya mwisho, na mimi ninyamaze. Nikinyamaza, nimeachiwa. Ndiyo sheria."

Bonaventura akavuta pumzi. "Mzigua, wewe ukiona maji mengi unadhani ni mwisho wa dunia."

Watu wakangoja. Maryamu naye akangoja.

"Na wewe Mnyamwezi," akasema Faraji, "ukiona mzigo unadhani ni kofia."

Kwaya wakaanguka kwa kicheko. Bonaventura akafumba macho. Akajaribu tena, akalitukana shamba lake, akalitukana lambo la Sindeni ambalo ng'ombe na watu wanalinywa kwa zamu, akawatukana mbuzi wa Handeni mmoja mmoja. Kila tusi Faraji alilirudisha, limepambwa. Alikuwa anatukana vizuri kuliko Maryamu alivyowahi kumsikia. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Jua likasogea. Kofia ya mwanakwaya mmoja ikapeperushwa na upepo, ikapita ukingoni, watu wote wakainama kutazama inavyokwenda, wakipiga mbinja. Faraji, aliyekuwa mbali na ukingo kuliko wote, na ambaye mgongo wake ndio uliokuwa upande huo, akalishika jiwe kwa mikono miwili.

Maryamu akaona. Akangoja watu watawanyike kwenda kula viazi vyao. Kisha akaenda kukaa karibu naye, naye mgongo akaupa bonde.

"Munira ameshapakwa hina."

"Nimesikia."

"Shehe anasema ukitamka kwamba uko huru, nikahi inaweza kufungwa hata kwa simu."

"Nitatamkaje uongo? Na dada yangu mmoja. Nimwoze kwa simu, mimi nipo, mzima, nakula kisamvu?"

"Basi twende ukamwoze."

Alikuwa anatazama mto unavyokuja. "Tangu nifike hapa yanamwagika," akasema. "Usiku na mchana. Na hakuna anayegombezwa."

Maryamu akatazama naye. Alifikiria ndoo zake nyuma ya baiskeli na njia ya lambo, na jinsi mtoto wao Tatu anavyopigiwa kelele akimwaga hata kikombe. Ilikuwa kweli. Haikuwa ndiyo sababu, lakini ilikuwa kweli, na alimwachia neno hilo.

Kisha akaitoa ndala kikapuni, akaiweka kwenye jiwe kati yao.

Faraji akaitazama. "Si yangu."

"Ina waya wangu."

Maji yakaunguruma. Faraji akachezea ncha ya blanketi, akalikunja, akalikunjua. Hakumwuliza ameiokota wapi, na Maryamu hakusema. Mwishowe mguu pekupeku ukatoka chini ya blanketi peke yake, kama mnyama anayejaribu kama nje kuna usalama, ukaivaa.

"Mtani," Faraji akaita, sauti yake imekauka kama ya yule mwenzake. "Tukana mara ya mwisho."

Bonaventura akaja mbio, kiazi mdomoni. Alikuwa ameishiwa. Alifungua kinywa, akafunga, akatazama huku na huku kutafuta tusi kama mtu anayetafuta ufunguo. "Mzigua," akasema, "wewe ni Mzigua."

Faraji akanyamaza.

Kwaya wakashangilia mpaka ndege wakaruka. Edna alikuwa anafuta machozi. Ukungu ulikuwa umeanza kujikusanya kwenye miti ya juu, na Bonaventura akasema wote washuke sasa hivi, yeye mbele, mwenye mtu wake nyuma yake, kisha aliyekombolewa, kisha kwaya mmoja mmoja. Maryamu hakupenda kwaya iwe nyuma. Lakini hapakuwa na muda wa kupanga upya, na walikuwa wameshaanza wimbo mwingine.

Msituni Faraji alitembea vizuri. Aliongea hata. Aliuliza habari za mbuzi, akauliza kama Adamu alisimulia vizuri. "Alisema walikuwa darzeni," Maryamu akasema, na akamsikia akicheka nyuma yake.

Halafu miti ikaisha.

Bonaventura akapita Ubavuni akasimama ng'ambo, jogoo kwapani. Maryamu akaingia kwenye kijia, hatua mbili tatu, akasikia kwamba nyuma yake hakuna nyayo. Akageuza shingo. Faraji alikuwa ameingia hatua chache, na hapo amesimama. Kiganja chake kimoja kilikuwa kwenye ufa ule usio na majani. Nyuma yake kwaya wamejipanga kwenye njia mpaka ndani ya miti, hawawezi kumpita, na hawezi kurudi bila kuwarudisha wote.

"Nimekumbuka," akasema Faraji. "Jogoo hajachinjwa."

"Nimeshamchinja moyoni," Bonaventura akajibu kutoka ng'ambo.

"Na salamu za ukoo hazijatolewa."

"Nimezipokea."

Waliokuwa nyuma wakaulizana kuna nini. Mmoja akasema mateka anaaga. Simu zikainuliwa juu ya vichwa. Edna, kwa moyo mwema, akaanzisha ubeti, na sauti nne zikagonga kwenye mwamba zikarudi nane.

Bonaventura akaona. Akaweka mkono mdomoni, akapiga kelele kwa sauti iliyobaki, "Mzigua, mimi sijamaliza na wewe. Natoa amri. Utavuka umebebwa mgongoni kwangu kama pembe ya ndovu, watu wote wakucheke." Na Maryamu, ambaye kwa siku hiyo moja alikuwa ameshaijua sauti ya yule mzee, alisikia kwamba ile haikuwa amri. Alikuwa anambembeleza.

"Babu yako alikuwa na mabega," akasema Faraji. "Wewe una masikio tu."

Wakacheka wote, mpaka waliokuwa msituni ambao hawakusikia. Lakini mguu wa Faraji haukusogea. Jasho lilikuwa linamtoka kidevuni, kwenye baridi ile. Simu yake ikaanza kuita mfukoni. Iliita mpaka ikachoka, ikanyamaza, ikaita tena, na hakuweza kuipokea kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye jiwe. Maryamu hakuhitaji kuiona. Saa hizi hina imeshakauka, na ni mtu mmoja tu anayempigia hivyo.

Sindeni mume na mke hawashikani mikono mchana. Mume anatangulia, mke anafuata, na katikati yao panaweza kupita ng'ombe. Tangu waoane, Maryamu alikuwa ameujua mgongo wa Faraji kwa njia zote, ya lambo, ya shamba, ya mnadani. Sasa akageuka mzima kwenye kijia kile, polepole, unyayo mmoja baada ya mwingine, mpaka uso wake ukamwelekea Faraji na bega lake likawa kwenye upande usio na kitu. Akasogea mpaka karibu. Kwaya wakaacha kuimba, mmoja mmoja, kuanzia mbele.

Akanyoosha mkono, kiganja juu, mbele ya watu wote na simu zao.

"Baba Tatu," akasema. "Nipe mkono."

Faraji akautazama. Kisha kiganja chake kimoja kikatoka kwenye jiwe.